Daktari wa Kusukuma Toroli

Sikusomea udaktari hata siku moja, lakini kwa muda wa miaka mitatu nilikuwa daktari wa Watanzania wa Burnsville, kitongoji cha Minneapolis huko Marekani. Cheo hicho nilipewa na baba mdogo, ndugu wa marehemu baba yangu. Mimi, msichana mwenye majivuno na digrii niliyoiachia katikati, nilikipokea bila kuuliza maswali.

Ilianza hivi. Nilipata kazi katika hospitali moja ya Minneapolis, na kazi yenyewe ilikuwa kusukuma toroli la chakula. Unachukua masinia jikoni, unapanda nayo lifti, unagonga mlango wa mgonjwa, unamwekea chakula mezani. Baada ya saa moja unarudi kukusanya vyombo, na kabla ya kuondoa sinia unaandika kwenye karatasi mgonjwa amekula kiasi gani: hakugusa, robo, nusu, au yote. Sare ilikuwa suruali na blauzi za bluu, pamoja na kitambulisho chenye picha cha kuning'iniza shingoni. Nikijitazama kwenye kioo cha lifti, mimi mwenyewe niliweza kudanganyika.

Ijumaa nikitoka kazini nilipanda treni ya umeme, ambayo wakati ule ilikuwa mpya na watu waliipanda hata kama hawana safari, nikashuka mwisho wa reli pale Bloomington, kwenye duka lile kubwa kupita kiasi. Baba mdogo alikuwa ananingoja. Yeye alikuwa dereva wa hoteli moja ya karibu na pale, wa kuwachukua wageni uwanja wa ndege, na zamu yake iliisha karibu sawa na yangu. Siku moja nilimkuta amesimama na mwenyekiti wa jumuiya yetu, mzee mnene mwenye sauti ya kipaza sauti.

"Huyu ndiye binti wa kaka," baba mdogo akamwambia. "Yuko hospitali kubwa kule mjini. Ghorofa wanayobadilishia watu uboho wa mifupa."

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, daktari," akajibu mwenyekiti. "Hebu niambie, mtu mwenye presha anaruhusiwa maharage?"

Ningeweza kumsahihisha pale pale. Nilifungua mdomo nifanye hivyo, na yakatoka mengine: ale kidogo kidogo, apunguze chumvi, na amwone daktari wake. Maneno hayo yote yalikuwa yamebandikwa kwenye ukuta wa jikoni kule kazini. Mwenyekiti akanishukuru kwa mikono miwili.

Tangu siku hiyo simu yangu haikupumzika. Waliniuliza kuhusu magoti, vipele vya watoto, na dawa za malaria za kubeba likizoni. Kila mtu nilimwambia apunguze chumvi na amwone daktari wake, na wakasifu kwamba msichana huyu hana makuu. Sikusema uongo. Nilinyamaza tu, na kunyamaza kulikuwa kutamu.

Baba mdogo naye alikuwa na cheo chake, na cha kwake kilikuwa cha haki. Alikuwa mpishi wa pilau. Hakukuwa na Idd, harusi wala hitima ya Watanzania katika Minneapolis na mji pacha wake iliyopikiwa na mtu mwingine. Alipikia kwenye gereji ya nyumba yake, mlango umeinuliwa nusu ili moshi utoke na baridi isiingie yote, koti la theluji juu ya kanzu, na mwiko wa mti aliotoka nao Tanga ndani ya sanduku, umefungwa kwenye kanga ya mama mdogo. Watu walikuja gereji mapema wakijifanya wanataka kusaidia. Walichotaka ni kusimama kwenye ule mvuke.

Kisha mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Mwanzoni alisingizia baridi, lakini kiangazi kikaja na mkono ukaendelea. Chai ikawa inamwagika kwenye kisosi, vifungo vya shati vikamshinda. Hotelini wakamwondoa kwenye usukani kwa maneno ya heshima, wakamsimamisha mlangoni kupokea wageni. Daktari akampa dawa, akamwambia ugonjwa huu wa kutetemeka hauna tiba ya kuuondoa, ila watu wanaishi nao miaka mingi. Baba mdogo alisikia ile nusu ya kwanza tu.

Kilichomuumiza zaidi hakikuwa ugonjwa. Idd ndogo ya mwaka ule tulikuwa gerejini kama kawaida, vitunguu vimeshakuwa vya kahawia, naye anageuza nyama, mwiko ukagonga ukingo wa sufuria mara mbili, tatu, na mchuzi ukaruka. Mwenyekiti akamsogelea akamshika bega.

"Mzee, pumzika sasa," akasema. "Tumekutumikisha vya kutosha."

Akauchukua mwiko mkononi mwake. Mtu mwingine akamvutia kiti. Walifanya kwa mapenzi, nami nilikuwepo, na nilitamani kumpiga mwenyekiti kwa kijiko cha kwanza ambacho kingeingia mkononi mwangu. Pilau ya siku hiyo ilikuwa ubwabwa uliopakwa rangi. Baba mdogo aliwekewa sahani akaishika magotini mpaka ikapoa, hakuigusa.

Wiki chache baadaye, Ijumaa, alinipokea pale kituoni akiwa na bahasha kubwa kifuani. Hakungoja tufike nyumbani, aliifungulia ndani ya gari, mama mdogo akiwa kwenye usukani. Zilikuwa karatasi alizochapishiwa maktaba kutoka kwenye mtandao, za rangi. Palikuwa na kliniki huko Asia, zikasema karatasi, inayotibu kwa seli shina, zile seli changa za mwili ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, zikitiwa mahali palipoharibika hugeuka kuwa kinachohitajika. Palikuwa na picha ya bwana mmoja aliyeingia na kiti cha magurudumu na kutoka akicheza mpira wa meza.

"Nimeshazungumza nao," baba mdogo alisema. "Unajua waliniuliza nini, mwanangu? Waliniuliza nikipona nataka kufanya nini. Hapa hakuna aliyewahi kuniuliza."

Macho yake yalikuwa yanang'aa. Alikuwa tayari kuuza kiwanja cha Tanga, kile alichokusudia kujengea nyumba ya uzeeni. Sanduku lilikuwa limeshateremshwa kabatini. Habari zilikuwa zimeenea, na kwa kuwa Watanzania hawawezi kusikia mtu anakwenda Asia wakanyamaza, maagizo yalikuwa yameanza kumiminika: mwenyekiti alitaka simu ya laini mbili, na akina mama walitaka mapazia.

"Lakini sitakwenda mpaka wewe useme," akaongeza. "Chukua hizi ukazisome huko hospitali. Jumapili ijayo tutakaa, utupe jibu. Ukisema niende, naenda. Ukisema nisiende, nabaki."

Mama mdogo alinitazama kwenye kioo cha gari, akarudisha macho barabarani. Nilikuwa nimeketi nyuma na bahasha mapajani, na kwa mara ya kwanza ile bluu niliyovaa ilinitia aibu.

Kwenye ghorofa yetu kulikuwa na mzee mmoja wa Oman. Alizaliwa Zanzibar, akachukuliwa Maskati akiwa kijana, na siku ya kwanza nilipomwekea sinia, aliniangalia jina kwenye kitambulisho akasema kwa Kiswahili safi kabisa, "Binti, yai hili mmelichemsha tangu jana?" Nilicheka nusura nimwage uji. Nilimweleza kwamba wagonjwa wa pale hawapewi yai la kiini kibichi, wala mboga mbichi, wala asali, mpaka damu yao ipate nguvu. Alikuwa na ugonjwa wa damu, na alikuwa ametiwa uboho wa ndugu yake. Hizo nazo zilikuwa seli shina. Nilikuwa nazipitia kila siku na toroli langu, watu wamevuka bahari kuja kuzifuata Minneapolis, na mtu wangu mimi anataka kuihama Minneapolis kwenda kuzifuata kwingine.

Wiki ile nilimwuliza. Nilimwekea sinia, nikamwuliza kwa nini alikuja mbali hivi, theluji yote hii, wakati kwao hospitali zipo.

Aliendelea kumenya lile yai lake gumu. Nilifikiri atataja mashine, au sifa za madaktari.

"Madaktari wamenishauri, hilo la kwanza," akasema. "Ila kuna jengine. Kule kwetu kila ajae kunitazama hulia. Huja na matunda, akalia, akenda zake. Weye huingia hapa ukaniuliza nataka mkate au uji. Mtu anoulizwa kesho atakula nini, basi kesho yuko."

Siku hiyo alikula robo tu, lakini aliila kwa bidii.

Zile karatasi nilimpelekea muuguzi mmoja Mkenya, dada wa maneno makavu na roho nzuri, wakati wa mapumziko yake. Alizisoma zote akinywa chai.

"Hii karatasi iko na picha mingi kuliko maneno," akasema. "Sikiza. Huku kwetu ni ugonjwa ya damu, na marrow, hiyo uboho, inajulikana vile inafanya, na bado si wote wanapona, unajua. Hiyo ya kutetemeka bado wanasoma. Sasa wewe usibishane na mzee. Wapigie simu, uliza vitu tatu. Moja, hizo cells zinatoka kwa nani. Mbili, wale walitibiwa mwaka jana wako aje saa hii. Tatu, akirudi hapa ashikwe na homa, nani ata-handle hiyo maneno. Wakijibu straight, kuja tuongee tena."

Nilimshukuru, nikamwambia na lile jingine, kwamba wanangoja jibu kutoka kwangu mimi.

"Kwani kwenu wanakuita aje?"

"Daktari."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akaacha kucheka. "Dada, hiyo uambie mzee kwanza," akasema. "Kabla ya simu."

Jumapili jioni tulikula ugali na samaki kwa baba mdogo, halafu tukahamia sebuleni: yeye, mama mdogo, mwenyekiti aliyekuja kushuhudia, na mimi na bahasha yangu. Sanduku lilikuwa limesimama kando ya televisheni.

"Kabla sijasema lolote," nikaanza, "mimi si daktari. Si muuguzi pia. Ninapeleka chakula. Ninasukuma toroli."

Mwenyekiti akaweka kikombe mezani polepole. "Na maharage yangu?" akauliza. "Miaka mitatu napima kwa upawa mmoja."

"Uendelee hivyo hivyo," mama mdogo akamwambia.

Baba mdogo hakushtuka. Alikuwa ameulaza mkono wa kulia chini ya wa kushoto, anavyofanya siku hizi kuutuliza. "Najua," akasema.

"Umejua lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Kuna siku ya baridi kali ulisahau glavu kwenye gari. Nikakuletea. Nikapanda mpaka ghorofani kwako, nikakuona unatoka kwenye chumba na sinia, unacheka na mtu aliye ndani. Nikashuka, nikaziacha glavu mapokezi."

Nilizikumbuka glavu zile. Nilidhani kuna mtu mwema aliziokota.

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unakipenda cheo chako. Na mwenyekiti alikuwa anapunguza chumvi."

Sijui kama nilitaka kucheka au kujificha chini ya zulia. Nilimwuliza basi kwa nini alinipa karatasi mimi, kama alijua.

"Kwa sababu wewe unaingia vyumbani mwao," alisema. "Daktari ananitazama mkono dakika kumi, anaondoka. Wewe unawaona watu waliotoka kwao wakaja mbali kutafuta uzima. Nilitaka nikuulize hilo tu. Wanakula?"

Nikamweleza kuhusu mzee wa Oman. Nilimweleza yote, yai, matunda, wanaokuja kulia, na mtu anayeulizwa kesho atakula nini. Sikumficha kwamba vipo vyumba nilivyokuta vimetandikwa upya asubuhi. Baba mdogo alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Huyo mzee tunafanana," akasema mwishowe. "Mimi hapa wananivutia kiti."

Mwenyekiti akatazama majani ya chai kwenye kikombe chake.

Kisha tukapiga simu, kwa kadi ya kukwangua, spika imefunguliwa. Huko kulikuwa tayari ni Jumatatu asubuhi. Akapokea kijana mchangamfu mwenye Kiingereza kizuri. Nikamwuliza la kwanza, seli zinatoka kwa nani. Akasema wageni wao wote hupokelewa uwanja wa ndege kwa gari la kliniki. Nikauliza la pili, wale waliotibiwa mwaka jana wanaendeleaje sasa. Akasema wamefurahi sana, na vyumba vyote vinatazama ziwa. Nikauliza la tatu, akirudi Marekani akapata homa, nani atamwangalia. Akasema kuna kukandwa mwili kila siku, na siku moja ya kutembezwa mjini, bila malipo.

Nilikuwa namtazama baba mdogo. Tabasamu alilokaa nalo wiki mbili lilikuwa linaondoka usoni kidogo kidogo. Akainama kwenye simu, akamshukuru yule kijana kwa adabu zote, akamtakia siku njema, akakata mwenyewe.

"Miaka minane nimefanya kazi ya hoteli," akasema. "Mgeni akiniuliza kama chumba kina joto, na mimi najua hita ya chumba kile imekufa, namwambia habari za bwawa la kuogelea. Sauti ile naijua. Ni sauti yangu."

Akasimama, akashika sanduku kwa mkono wa kushoto, akatoka nalo kwenda gerejini. Tukasikia mlango unafungwa.

Niliona vibaya mno. Nilimchukia yule kijana wa simu, nikamchukia na muuguzi kwa maswali yake mazuri. Mtu alikuwa na kitu kimoja cha kumfanya aamke akiimba, nami nimekipiga teke mbele ya wageni, tena bila hata udaktari. Nikainuka nimfuate. Mama mdogo akanishika sketi. "Mwache," akasema. "Huko ndiko kwake."

Alikaa muda wa kuchemsha chai nyingine. Aliporudi, sanduku hakuwa nalo. Alikuwa na mwiko. Mkono ulikuwa unatetemeka, na mwiko unatetemeka nao, naye hakuuficha.

"Kama sisafiri, basi nipo," alimwambia mwenyekiti. "Idd kubwa napika mimi."

"Na mkono, mzee?"

"Mkono utatetemeka. Huyu atashika mwiko," akanielekezea mimi. "Amezoea vyombo vizito."

Mwenyekiti, nimpe haki yake, alisema sawa. Halafu akauliza kama kuna mtu mwingine yeyote anayekwenda Asia karibuni.

Nilimsindikiza baba mdogo kwa daktari wake wa hapa, safari hii na maswali yameandikwa kwenye karatasi. Daktari alibadilisha saa za dawa, akampeleka na kwenye mazoezi ya viungo, na baada ya mwezi baba mdogo akawa anafunga vifungo vya kanzu mwenyewe, walau asubuhi. Hakupona. Mzee wa Oman naye aliondoka ghorofani kwetu kwa miguu yake, kofia kichwani, akaniambia yai hatalila tena maisha yake yote.

Idd kubwa ilikuja na theluji ya magotini. Gereji ilijaa watu wasio na kazi. Nilishika mwiko kwa mikono miwili, kanga kiunoni juu ya suruali nene, jasho linanitoka, na baba mdogo kasimama ubavuni mwangu akinigombeza. "Kutoka chini, mwanangu, kutoka chini. Unalea vitunguu au unavikaanga? Sasa nyama." Hakukaa hata mara moja. Kiti alivutiwa, akakiwekea koti lake. Bizari na chumvi alitia mwenyewe kwa mkono ule ule wa kulia, zikaanguka sufuria nzima sawasawa, akasema kwa kazi hii anaona mkono umekuwa bora kuliko zamani, na watu wakacheka naye.

Wakati wa kupakua, bibi harusi mmoja aliyewasili kutoka Dar juzi juzi aliniuliza mimi ni nani. Mwenyekiti, kwa mazoea, akaanza, "Huyu ni dak..."

"Huyu ni mwanangu," baba mdogo akamkatiza. "Anapeleka chakula hospitali, kwa watu waliotoka mbali."

Alilisema kama mtu anayetaja cheo. Ndipo nilipojua kwamba kile cha zamani sikitaki tena.

Nikachukua sahani, nikamwuliza kwa sauti ile ile ya kazini, "Mzee, unataka ya juu au ukoko?"

"Ukoko."

Nikamkwangulia ukoko, nikaweka na nyama, nikamwachia, nikaenda kuwahudumia wengine. Baada ya muda nilirudi kukusanya vyombo. Sahani yake niliishika, nikaitazama kabla ya kuiondoa, kama nilivyofundishwa. Yote.